Maswali na Majibu: Kitambi Baada ya Hedhi Kukoma

Nina miaka 53, hedhi ilikoma mwaka juzi, na kitambi kimeota. Daktari akinipa homoni, kitaondoka? – Mama wa Kisauni

La, mama. Estrojeni, yaani homoni ya kike, ikipungua, mafuta yaliyokuwa yakikaa mapajani huanza kujikusanya tumboni, mengine ndani kabisa, kando ya ini na utumbo. Ndiyo maana kilo hazijabadilika sana na gauni linakubana. Homoni huzuia hilo kidogo tu, na ukiziacha faida hupotea. Kazi yake ni kutuliza joto la ghafla, jasho la usiku na ukavu wa uke, na kulinda mifupa. Ukiwa na shida hizo, hujafika miaka 60, na haijapita miaka 10 tangu hedhi ikome, zungumza na daktari. Kama shida yako ni kitambi tu, kapime presha na sukari. Kiuno nacho kipime kwa utepe wa fundi cherehani: kikipita sentimita 80 anza kushughulika, kikipita 88 usichelewe.

Nimeze vidonge vya kupanga uzazi vya binti yangu?

Usimeze. Homoni zake ni kali kuliko za tiba hii, na katika umri wako damu huganda kwa urahisi zaidi.

Shoga yangu hununua estrojeni dukani bila cheti, naye yu mzima. Kwa nini mimi niende kliniki?

Swali hili linanichosha, maana nimelijibu mara nyingi. Shoga yako ana kizazi? Mwenye kizazi akitumia estrojeni peke yake, ukuta wa mji wa mimba hunenepa na huweza kuzaa saratani. Lazima apewe na projesteroni, homoni nyingine ya kike inayoulinda ukuta huo. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda, kwa kawaida hapewi. Muuza duka hayo hakumuuliza.

Nawaonya pia walio upande wa pili, wanaoziogopa homoni kupita kiasi. Mwaka 2002 huko Marekani, utafiti wa homoni hizo mbili kwa wanawake 16,608 ulisimamishwa mapema kwa sababu saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda viliongezeka. Tangu hapo wako wanaokesha kwa jasho bure kwa kuogopa, ilhali wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63. Wa miaka 51 mwenye afya hesabu yake ni nyingine.

Sindano za homoni ya ukuaji je?

Hupunguza mafuta ya ndani, lakini huvimbisha miguu, huumiza viungo na huweza kupandisha sukari. Si dawa ya kitambi.

Nalala chini nafanya mazoezi ya tumbo kila siku, halipungui.

Hayo hukaza misuli, hayachagui mafuta ya kuyeyusha. Tembea pale ufukweni Mama Ngina, Mombasa, nusu saa kwa mwendo wa haraka, siku tano kwa wiki, na unyanyue vitu vizito siku mbili. Mahamri manne na chai ya sukari asubuhi, punguza.

Hedhi ilikoma miaka mitatu iliyopita, sasa natokwa na matone ya damu. Ni ujana umerudi?

Hapana, dada. Hata tone moja baada ya mwaka mzima bila hedhi lazima lichunguzwe, na wenye kitambi ndio wa kuharakisha zaidi, kwani mafuta yenyewe hutengeneza estrojeni inayouchochea mji wa mimba. Nenda hospitali wiki hii, umwambie daktari ni lini ilianza na dawa zote unazotumia, za miti shamba pia.