Nasali nyumbani ili nisisimame nyuma yake

SWALI: Bi Mwalimu, assalaam alaikum. Mimi ni kijana wa miaka 27, mkaazi wa Wete, Pemba. Msimu wa karafuu nachuma, ukiisha nafanya useremala. Mwaka jana wazee wangu walikwenda kunichumbia. Jibu lilichelewa wiki tatu, tena likaja kwa mtu wa pembeni: kijana hana kasoro, lakini babu yake "alipanda jahazi hakulipa nauli". Huku kwetu kila mtu anajua maana yake: aliletwa mtumwa. Mzee aliyesema hivyo, baba wa binti, ndiye anayetusalisha Alfajiri, na tangu siku hiyo nasali nyumbani. Kaka wa yule binti, rafiki yangu tangu chuo cha Kurani, alinifuata shamba na chupa ya kahawa, akaniuliza afanye nini. Nikamwambia hana la kufanya, aondoke. Nimesoma kuwa Malcolm X, yule Mmarekani mweusi, alikuwa akiwaita weupe mashetani, akenda hija, akarudi mtu mwengine. Siku chache zinamtoaje mtu chuki ya miaka? Na sisi tusio na nauli ya Makka tubaki na zetu?
Mchuma Karafuu, Wete

JIBU: Waalaikumu ssalaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye ile chupa ya kahawa. Nitaifikia.

Kwanza hiyo nauli. Malcolm naye hakuwa nayo. Aliyempa ni dada yake wa kwa baba, Ella, aliyekuwa akidunduliza ahiji yeye. Kwa hiyo kabla hujafika Makka, ipo pesa ya mwanamke aliyeisamehe safari yake mwenyewe. Hilo watu hulipita haraka, miye sipiti.

Na si siku chache. Alizaliwa Omaha, Marekani, tarehe 19 Mei 1925. Baba yake, mhubiri, alikufa mwaka 1931 akikanyagwa na gari la reli, na watoto wakakua wakiamini kwamba weupe ndio waliomuua. Mama alielemewa, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, watoto wakatawanywa. Skuli alikuwa katika wanafunzi wa mbele. Siku moja akamwambia mwalimu wake anataka kuwa mwanasheria. Mwalimu akamjibu kuwa hiyo si kazi ya mtu mweusi, afikirie useremala. (Wewe usikasirike, mwanangu. Randa na msumeno havina aibu. Aibu ni ya mwalimu, na nasema hivi nikiwa nimeshika chaki miaka mingi.) Mtoto akaacha kujibidiisha, akaingia mitaani, akaiba, na mwaka 1946 akafungwa. Wenzake gerezani walimwita Shetani, kwa namna alivyokuwa akiitukana dini.

Ndugu zake ndio waliomletea mafundisho ya Elijah Muhammad, kiongozi wa Nation of Islam, chama cha Waislamu weusi wa Marekani. Humo mlikuwa na mengi ambayo mwalimu wako wa chuoni angeyafuta ubaoni, likiwemo hilo la mtu mweupe kuwa shetani. Lakini yalimsimamisha. Kupiga magoti tu kulimchukua wiki nzima, mwili ukikataa. Akalinakili kamusi ukurasa kwa ukurasa. Taa zikizimwa saa nne usiku alisoma kwa mwanga wa ukumbini, na akisikia viatu vya askari hurukia kitandani. Alitoka mwaka 1952, akawa mhubiri anayesikilizwa na maelfu, akajitenga na chama kile Machi 1964. Mwezi uliofuata ndio akenda hija.

Watu hupenda kuhadithia barua aliyoandika kutoka Makka, kwamba amekula sahani moja na kulala zulia moja na Waislamu wenye macho ya buluu. Ni kweli, aliandika. Ila mimi naona mlango ulifunguka kabla ya hapo, Jeddah. Alizuiliwa uwanja wa ndege kwa sababu wakubwa wa pale hawakuwa na hakika kama ni Mwislamu, pasi yake ikachukuliwa, akawekwa pamoja na mahujaji wengine asijue lugha yao. Tena sala yenyewe hakuijua sawasawa. Mtu aliyezoea kufundisha umma anachungulia jirani anavyokaa tahiyatu, naye kifundo cha mguu kinamuuma kwa kutozoea. Pale hakuwa na lolote la kujibu mtu. Ikabidi aonyeshwe kama mtoto wa juzuu ya kwanza, na waliomkirimu baadaye walikuwa watu ambao kwao Marekani wangeitwa weupe.

Usidhani alirudi akasema Marekani ni pazuri. Aliendelea kuishitaki kwa kila aliyemsikiliza. Oktoba 1964 alifika Dar es Salaam, akaonana na Mwalimu Nyerere na Babu wetu, Abdulrahman Mohamed Babu, mwanasiasa wa Zanzibar, na Disemba Babu akenda kuhutubia kwenye mkutano wake Harlem, mtaa wa weusi New York. Tarehe 21 Februari 1965 akapigwa risasi New York, na umri wake miaka 39. Ugomvi wake na dhulma aliubakisha wote. Alichoacha ni kumhukumu mtu kwa ngozi aliyozaliwa nayo.

Sasa ile chupa. Zamani, kabla ya hija, msichana mmoja wa kizungu, mwanafunzi, alimsikia akihutubia, akasafiri mpaka Harlem kumtafuta. Akamkuta mkahawani, akamuuliza afanye nini. Akamjibu: hakuna. Msichana akatoka analia. Baada ya Makka, Malcolm alisema neno lile analijutia. Alitamani angejua jina lake ampigie simu. Hakulijua. Wewe rafiki yako unalijua jina, na nyumba unaijua.

Nina haki ya kukwambia hivi? Kidogo. Mimi ni mtoto wa Ng'ambo, Unguja, baba yangu hamali, mama akifua nguo nyumba moja ya Mji Mkongwe. Nikifuatana naye nilipewa chai kwenye kopo la maziwa lililowekwa uani, pembeni ya karo, ati langu peke yangu. Watoto wa nyumba walinywea vikombe. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakati wa foleni za chakula, niliikuta foleni ya mchele ndefu, nami nina homa. Binti mdogo wa nyumba ile yuko mbele, kibuyu chake mkononi, kachakaa kama sisi sote. Akanambia, "Dada, shika nafasi yangu." Nikamgeuzia uso. Na nisikufiche, moyoni nilifurahi kumwona pale. Nikarudi nyumbani bila mchele. Mama, aliyezifua kanzu zao mikono ikachubuka, ndiye aliyenigombeza: "Kopo lile lilipowekwa uani, yule alikuwa na miaka minne!" Tulilala na mihogo. Kumtafuta yule binti nimwombe radhi kulinichukua miaka, na nilipompata hakuikumbuka siku yenyewe. Chai ya kopo mpaka leo siinywi, hata msibani.

Juu ya mzee. Kauli yake ni ya kijahili na sitaipaka sukari. Mtume (S.A.W.) alimwambia Abu Dharr, sahaba mkubwa, kuwa bado ana ujahili ndani yake, kwa sababu alimtukana mtu kwa mama yake. Yeye mwenyewe alimwozesha Zaid bin Haritha, aliyekuwa mtumwa, kwa Zainab bint Jahsh, binti wa shangazi yake. Atakujibu kuwa madhehebu ya Shafii yana mlango wa kufu, yaani mume alingane na mke, na nasaba imo. Imo, kweli. Lakini ni haki ambayo mwanamke na walii wake, yaani msimamizi wa ndoa yake, wanaweza kuiachilia, na wala haikumpa mtu ruhusa ya kuitangaza nasaba ya mwenziwe mtaani. Kwa hivyo swali ambalo barua yako haikuligusa ndilo ninalokuuliza: binti mwenyewe anasemaje? Kama anakutaka, wazee wako warudi mara ya pili na mtu anayeheshimika. Ikishindikana, kwa kadhi kuna njia, atapima yeye kama kukataa kwa walii kuna msingi. Kama binti hakutaki, basi hilo ni jambo jengine, na la jahazi liweke mbali nalo.

Na msikiti, rudi. Hukuujenga kwa ajili ya yule mzee, na yeye hakuujenga kwa ajili yako. Kama bado huwezi kusimama nyuma yake bila ya kuvurugikiwa, Wete haina msikiti mmoja. Lakini sala ya jamaa usiiache kwa sababu yake. Ukipata nguvu mwendee mchana, peke yenu, umwambie neno lake lilikufikia namna gani. Huenda asikuombe radhi. Wazee wa aina hiyo nawajua.

Kwa rafiki yako usingoje nguvu. Aliuliza afanye nini, na jibu lipo: aende kwa babake amwambie kauli ile haikuwa haki. Mwambie hivyo. Nenda jioni hii baada ya kuanua karafuu, na safari hii kahawa uchukue wewe.