Kwa nini nguruwe, na si panya tu?
Umeuliza kwa nini watafiti wa kisukari wahangaike na nguruwe ilhali panya ni rahisi kufuga. Jibu kubwa liko kwenye damu. Panya mdogo wa maabara ana takriban mililita 2 tu za damu mwilini mwake, kwa hiyo huwezi kumtoa sampuli kila dakika chache. Nguruwe anawekewa mrija mwembamba kwenye mshipa, anapewa glukosi, kisha unafuatilia insulini (homoni inayoshusha sukari ya damu) ikipanda na kushuka kwa saa kadhaa, mnyama yuleyule, bila kumdhoofisha. Hapo ndipo unapoona kwamba kongosho hutoa insulini kwa mawimbi, haimwagi mfululizo.

Insulini yake nayo inatofautiana na yetu kwa asidi amino (vijenzi vya protini) moja tu kati ya 51, ndiyo maana ilitibu watu miaka mingi.

Ila usidhani nguruwe huugua kirahisi. Hata akinenepa sana, kwa kawaida sukari yake haipandi kama ya mgonjwa wa kisukari cha aina ya 2. Kwa hiyo, ili augue, mara nyingi seli za beta, zile za kongosho zinazotoa insulini, huharibiwa kwa kemikali ya streptozotosini, au jeni ya insulini hubadilishwa.