Umepewa Kusimamia Watu Waliokuzidi Umri? Njoo Hapa

Jana nimepata meseji inboksi, dada mmoja kapewa usupavaiza, anasema kuna mzee kwenye timu yake akimtuma anajifanya hajasikia. Nikacheka, maana hiyo shule mi nishamaliza na cheti ninacho!

Nasimamia stoo ya vifaa vya ujenzi hapa Dar. Nilivyokabidhiwa funguo kuna mtu alisema "katoto kamepewa duka", tena mtu niliyekuwa namheshimu kabisa, sijasahau na sitasahau. Nina mzee mmoja analingana na baba yangu, na nina vijana ambao simu haiwatoki mkononi.

Cha kwanza, shikamoo haipunguzi cheo. Asubuhi nampa shikamoo yake, namuita baba, ananiita binti, poa tu, ila mzigo hautoki bila sahihi yangu. Mzee alikuwa na mtindo wa mali kauli, mafundi wake wa siku nyingi wanakuja wanabeba simenti kwa mdomo tu, leja haina kitu. Nikamuita nyuma kule kwenye mabati tukayamaliza wawili, sikumrushia kwenye grupu la WhatsApp. Akaninunia, hata chai akawa hanywi na sisi, mi nikakaza. Karudi mwenyewe.

Na vijana nao wasijione. Uliingia mzigo wa nondo za milimita 12, kijana kahesabu vipande, kaingiza kwenye sistimu, kamaliza. Mzee kachomoa moja kaitupia kwenye mzani, kaguna, kachomoa nyingine. Nondo ya 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa ikaribie kilo 10.7, zile hata 9 hazifiki! Yaani tunauziwa nyembamba kwa bei ya nene, halafu mtu akasukie nguzo za ghorofa. Mzigo ukarudi ulikotoka. Toka hapo mzee anapima, kijana anaingiza, na wote wawili wanasaini.

Bado mwenye mali akataka mzee apumzishwe, eti kachoka. Nikamwambia bosi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa umri wake, ukimtoa hivihivi anaenda zake CMA, ile tume ya kusuluhisha migogoro ya kazi, mkaonane huko. Kimya. Watu wanasemaga bosi hajibiwi, anajibiwa bwana, ukiwa na hoja.

Kwa hiyo wapendwa, heshima. Msikilize mkubwa, msikilize na mdogo, usimgombeze mtu mzima mbele ya watoto. Heshima jamani! Kuna mabosi mnaamka asubuhi mnatukana watu kwenye grupu halafu mnashangaa kazi haziendi, badilikeni.

We dada, mzee wako usimtume kwa kupaza sauti kutoka mezani, mfuate alipo, msalimie, mwambie kazi ni hii na inatakiwa saa ngapi. Akigoma tena, mpe barua ya onyo kama ungempa mtu mwingine yeyote, nakala weka kwenye faili.