Sindano kali zaidi haitaufungua mshipa uliobanwa

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni dereva wa lori, miaka 41, njia yangu ni Dar es Salaam hadi Tunduma. Hii ni wiki ya tano nina maumivu yanayoanzia tako la kushoto, yanashuka nyuma ya paja mpaka kisigino na kidole kidogo. Nikikaa kwenye usukani yanawaka kama shoti ya umeme, nikikohoa ndiyo balaa kabisa. Usiku silali. Nimechomwa sindano za diklofenaki duka la dawa, nafuu haizidi siku moja. Eksirei wameniambia pingili zimesagika. Mwenzangu kanipa unga wa mitishamba. Niliunywa jioni, asubuhi nikaamka mzima, ila nikiacha yanarudi vilevile. Naomba unitajie sindano kali kuliko hizo, au niendelee na unga?

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Maumivu haya yakimshika mtu hivyo hata mwanamume mzima hulia, na anayekuambia ujikaze hajawahi kuyaonja. Unavyoyaeleza, yakifika kisigino na kidole kidogo na kuzidi ukikaa au ukikohoa, mara nyingi chanzo ni diski, ule mto laini ulio kati ya pingili, ya chini kabisa ya kiuno iliyochomoza na kugusa mzizi wa neva unaoitwa S1. Mzizi huo ni mmoja kati ya ile inayoungana kuunda mshipa wa siatiki, neva nene kuliko zote mwilini, ndiyo maana ugonjwa uko kiunoni na kilio kiko mguuni.

Kabla ya habari ya dawa, fanya kipimo hiki leo hii. Shika ukuta, simama kwa mguu wa kushoto peke yake, inua kisigino mpaka usimamie vidole, rudia mara kumi. Kisha fanya hivyo kwa mguu wa kulia. Halafu tembea hatua chache kwa visigino, vidole vikiwa juu. Mguu ukiuma lakini ukatii, tuna muda. Mguu ukigoma kuinuka, au wayo ukianguka wenyewe unapotembea, hiyo si habari ya maumivu tena, ni neva inayopoteza nguvu, na unatakiwa kuonwa hospitali ndani ya siku chache. Na ukianza kushindwa kukojoa, ukajisikia ganzi sehemu za siri na pale unapokalia, ukashindwa kuzuia haja kubwa, au maumivu na udhaifu vikashika miguu yote miwili, unaacha lori hapo hapo ulipo na kwenda hospitali kubwa siku hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane. Kinachobanwa hapo ni kifurushi chote cha neva za chini, na hesabu yake ni ya saa.

Sasa unga. Swali lako la mwisho ndilo ninaloletewa kuliko yote, na ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu umelitaja kama ushahidi kwamba dawa inafanya kazi: ulikunywa jioni, ukaamka mzima. Kwangu mimi huo ni ushahidi wa jambo jingine kabisa. Diski iliyochomoza hairudi ndani kwa usiku mmoja. Uvimbe unaouzunguka mzizi wa neva haupoi kwa usiku mmoja kwa sababu ya gome la mti. Kinachoweza kumwinua kitandani asubuhi mtu ambaye jana alikuwa hatembei ni dawa za hospitali, kwa kipimo kikubwa, zilizosagwa na kuchanganywa humo bila wewe kuambiwa.

Sisemi haya kwa kuichukia mitishamba. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya wananchi wake mara kadhaa kuhusu bidhaa za viungo zilizouzwa kwa majina ya Artri King na Artri Ajo King kama virutubisho vya asili. Zilipopimwa maabara zilikutwa na diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa popote kwenye kopo, na taarifa zilizopokelewa zilikuwa pamoja na za watu walioharibika ini na za vifo. Diklofenaki unaijua, ndiyo hiyo uliyochomwa. Deksamethasoni ni steroidi: mtu akiimeza hujisikia mwepesi, hamu ya kula hurudi, mwili huchangamka. Ndiyo maana wanaokuja kwangu na makopo ya namna hii husema kwanza, "Daktari, hii inanipa nguvu." Uso umeshaanza kuwa wa duara, tumbo limetoka, sukari iko juu na presha iko juu. Wengine wanakuja na maumivu mapya kabisa ya nyonga, na picha inaonyesha kichwa cha mfupa wa paja kimekufa kwa kukosa damu, madhara yanayojulikana ya steroidi zikitumika kwa wingi au kwa muda mrefu. Na kifua kikuu kilicholala mwilini hupata nafasi ya kuamka, kwa sababu steroidi hulaza kinga.

Kinachonikasirisha zaidi ni kwamba hata steroidi iliyotolewa kihalali haifanyi kazi hii. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 269 wa diski na maumivu ya mguu. Wengine walipewa vidonge vya prednisoni kwa siku 15, wengine vidonge bandia. Waliopewa prednisoni walipata unafuu kidogo katika kufanya shughuli zao, lakini maumivu yenyewe hayakutofautiana. Mtu anakuuzia kwa siri, bila kipimo, kitu ambacho hata kikipimwa na kuandikwa na daktari hakiondoi maumivu yako.

Tuje kwenye "pingili zimesagika". Sentensi hii imewafanya watu wengi waache kazi, waache kuinama na waanze kutembea kama wazee wakiwa na miaka thelathini. Pingili si beringi ya gari. Ni mfupa ulio hai, na diski nayo ina uhai wake, inabadilika kadiri umri unavyokwenda. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikusanya picha za watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Katika umri wa miaka 40, asilimia 68 walikuwa na diski zilizochakaa, na nusu walikuwa na diski zilizovimba nje kidogo. Hao ni watu wazima wa afya, wanalima, wanacheza mpira. Isitoshe, eksirei haionyeshi diski wala neva. Inaonyesha mifupa. Aliyekusomea picha ile akakuambia chanzo cha umeme wa mguuni ni kusagika, alikisia.

Na diski iliyochomoza, ukiipa muda, mara nyingi mwili wenyewe huila. Askari wa kinga huja kuisafisha ile nyama iliyotoka nje, na ajabu ni kwamba vipande vikubwa vilivyochomoka kabisa husafishwa mara nyingi kuliko vile vilivyovimba kidogo tu. Madaktari Wauholanzi walichapisha mwaka 1999 utafiti wa wagonjwa 183 wa siatiki, yaani maumivu ya mshipa huo kama yako: kundi moja lililazwa kitandani wiki mbili, jingine liliachwa liendelee na shughuli kadiri linavyoweza. Baada ya wiki 12, asilimia 87 ya kila kundi walikuwa wamepata nafuu. Kitanda hakikuongeza kitu. Ubao chini ya godoro, wanaoshauriwa wagonjwa wengi wa mgongo, nao sikushauri.

Kwa hiyo, sindano ipi? Hakuna ninayoweza kukutajia iliyo kali zaidi, maana ukali siyo unaokosekana. Diklofenaki ya sindano na ya kidonge ni dawa ile ile. Sindano hutangulia kidogo tu. Wewe kila unapochomwa unaipeleka mwilini kwa njia inayoweza kukuachia jipu, na ikichomwa takoni chini mno au ndani mno, inaweza kuutoboa mshipa huo huo wa siatiki unaoulalamikia. Nimewaona waliopooza wayo kwa sindano, siyo kwa diski. Ukiendelea kuirundika na unga ambao huenda una diklofenaki nyingine ndani, figo na tumbo ndivyo vitakavyolipa. Kama unatumia dawa za presha, hasa pamoja na za kukojosha, hatari ya figo ni kubwa zaidi. Zile sindano za vitamini za "kulisha neva" nazo hazina kazi kwako, isipokuwa umepimwa ukakutwa na upungufu wa B12.

Wengi huandikiwa pregabalini wakiambiwa ndiyo dawa ya neva. Kwa ganzi ya kisukari ina nafasi yake. Kwa siatiki, watafiti wa Sydney waliipima kwa wagonjwa 209 na kuchapisha mwaka 2017: haikuishinda dawa bandia, ila iliwapa watu wengi zaidi kizunguzungu. Miongozo ya NICE, taasisi ya Uingereza inayopanga namna ya kutibu magonjwa, tangu 2020 inasema isianzishwe kwa ugonjwa huu. Wewe unateremka mlima Kitonga na tani za mzigo nyuma yako. Kizunguzungu na usingizi wa dawa, iwe hiyo au tramadoli, dawa kali ya maumivu, kinaua na watu wasiohusika.

Ninachokushauri ni hiki. Simamisha safari ndefu kwa wiki chache. Najua maana yake kwa mfuko wako, lakini kukaa saa nyingi huku gari likitetemeka ndiko kunakoupa mzizi ule mzigo. Usilale siku nzima. Tembea dakika tano au kumi, mara nyingi kwa siku, simama kabla maumivu hayajakufukuza. Maumivu yakizidi, lala chali sakafuni na uweke miguu juu ya kiti, magoti yakiwa yamekunjwa. Wengi hupata pumzi hapo. Kulala usingizini, lalia upande usiouma na mto katikati ya magoti. Kidonge cha kupunguza uvimbe, mfano ibuprofeni au naproksini, kimoja tu kati ya hivyo, baada ya kula, kwa siku chache na kwa kipimo alichokupa mfamasia au daktari aliyeuliza kwanza kuhusu vidonda vya tumbo, figo na presha yako.

Halafu mwone mtaalamu wa fiziotherapia. Hospitali ya rufaa ya mkoa wowote unaopita kwenye njia yako ni mahali pazuri pa kumuulizia. Atakutafutia mkao na zoezi linalofaa mgongo wako, kwa sababu zoezi linalomfaa mmoja humchoma mwingine. Shika alama hii moja: zoezi linaloyavuta maumivu kutoka mguuni kuyapandisha kuelekea kiunoni ni zuri, hata kama kiuno chenyewe kitauma zaidi kwa muda. Linaloyashusha kwenda kidoleni, acha. Wagonjwa wengi huacha zoezi jema kwa sababu kiuno kimeuma, wakati mguu ulikuwa unapona.

Ikifika wiki ya sita hadi ya nane na bado hulali, hapo ndipo MRI, picha ya sumaku inayoonyesha diski na neva, ina maana, na mazungumzo ya upasuaji au sindano ya steroidi inayowekwa na mtaalamu karibu kabisa na mzizi wa neva. Hiyo sindano ni tofauti na ya duka la dawa, na hata yenyewe nafuu yake ni ndogo na ya muda. Upasuaji usiukimbie kwa kusikia kwamba "mgongo ukiguswa unapooza". Uholanzi walilinganisha wagonjwa 283 wenye siatiki kali, wengine wakipasuliwa mapema, wengine wakisubiri kwanza, na kuchapisha mwaka 2007: waliopasuliwa mapema walipona haraka zaidi, lakini baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalifikia pale pale, asilimia 95 wakisema wamepona. Maana yake una nafasi ya kuchagua. Kwetu Dar es Salaam, MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wanaifanya kazi hii kila siku.

Wapo wanaosoma hapa ambao hawana diski kama yako. Mtu mwenye maumivu ya mgongo na mguu pamoja na homa za jioni, kutokwa jasho usiku na kukonda, apimwe kifua kikuu cha mgongo. Mfugaji anayekunywa maziwa mabichi aseme hivyo kwa daktari, maana brusela, bakteria wanaotoka kwa mifugo, hukaa kwenye pingili. Mzee anayehangaika na mkojo na sasa mgongo unamuuma hata akilala, tezi dume ichunguzwe. Hao wote wanauziwa unga ule ule, unawapa nafuu ile ile ya siku chache, na ugonjwa unaendelea kula mfupa chini yake. Vijana ndio wanaoongezewa hofu nyingine: wanaambiwa ni ngiri, na ikishuka mguuni nguvu za kiume zinakwisha. Kwa hofu hiyo mtu hulipa chochote. Wengine hulazwa kifudifudi na kukanyagwa mgongoni mpaka usikike mlio, wakiaminishwa kuwa diski imerudi. Diski hairudishwi kwa kisigino cha mtu.

Jambo la mwisho ni kwako na kwa yeyote aliyekwisha kuuzoea unga. Kama umeutumia siku chache tu, acha. Kama umeutumia kwa wiki tatu au zaidi, usiuache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Mwili uliozoea steroidi huacha kutengeneza homoni yake, na ukikatiwa ghafla presha inaweza kuanguka, ukatapika, ukaishiwa nguvu mpaka kuzimia. Nenda hospitali, mwambie daktari bila aibu, pimwa sukari, presha na figo, upangiwe namna ya kupunguza kidogo kidogo. Na kopo au karatasi iliyobaki na unga, usiitupe njiani, nenda nayo.