Kireno cha bure hakuna, muulize pweza

"Kaka, nimemaliza kozi ya Kihispania. Kireno si nitakipata bure?" Kijana anayetafuta kazi ya kuongoza wageni aliniandikia hivyo juzi. Namjibu kwa neno moja: polvo.

Kwa Mreno, polvo ni pweza. Kwa Mhispania ni vumbi, au unga. Herufi zile zile, lakini hata babu hawachangii. La Kireno limetoka kwenye polypus ya Kilatini, iliyochukuliwa kwa Wagiriki, na kwao maana yake ni mwenye miguu mingi. La Kihispania limetoka kwenye pulvis, vumbi. Sasa ona: pweza wa Mhispania anaitwa pulpo, naye ndiye ndugu wa damu wa polvo ya Mreno. Vumbi la Mreno nalo ni pó, pulvis ile ile iliyomomonyoka mpaka zikabaki herufi mbili. Baruti wote wawili huiita pólvora. Ni unga, ati.

Haya sikuyasoma ili nitambe. Hoteli moja huku Unguja iliwawekea Wahispania menyu ya Kireno, wakasoma polvo grelhado, wakaangua kicheko: vumbi la kuchoma! Nilisogea nikawaeleza kisa chote, mpaka pulpo a la gallega ya kwao na polvo à lagareiro ya Wareno, inayoogeshwa mafuta ya zeituni na vitunguu saumu. Meneja, aliyezoea kuniita papasi, yaani kijana wa mtaani anayeganda watalii, mbele za watu, alisimama kando akisikiliza. Hakusema kitu. Msimu ule ule wageni wa Brazil, wasemao Kireno, nikapewa mimi. Lakini lile "papasi" bado ninalo moyoni, sifichi.

Kwa hiyo vijana, acheni kukariri! Tafuteni asili ya neno. Anayekariri ataagiza leite em polvo akitaka maziwa ya unga, Mreno abaki akijiuliza pweza gani anayekamuliwa. Husemwa leite em pó. Asili kwanza, nasema tena.

Ukimaliza polvo, nenda kwenye exquisitus ya Kilatini, kilichotafutwa kwa makini. Hapo mzizi ni mmoja, maana ndizo zilizoachana: exquisito ya Mhispania ni kitamu kupita kiasi, esquisito ya Mreno ni cha ajabu ajabu. Mreno akikukaribisha pweza aliyempika mwenyewe, tafuta sifa nyingine.