Kabla ya mishumaa, hesabu ngazi

Dada, umesema uko mtaa wa Pipeline, Nairobi, ghorofa ya 5, mimba ya pili, wiki ya 34, na unataka kujifungulia nyumbani kwa utulivu. Sikukatazi. Ila kabla ya mishumaa na muziki, hesabu ngazi. Damu ikianza kumwagika, nani atakushusha, na gari litakuwa wapi? Foleni ya Outer Ring Road saa 12 jioni unaijua mwenyewe. Mimi nilizungumza na jirani mwenye teksi mwezi mmoja kabla, nikampa hela ya mafuta, na usiku mmoja tukajaribu safari hadi hospitali tukihesabu dakika.

Mkunga awe na leseni ya Baraza la Wauguzi la Kenya. Muulize anabeba nini: oksitosini, dawa ya kuzuia damu kumwagika baada ya kuzaa, iliyohifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na kifaa cha kumpumulisha mtoto asipolia. Akianza kubabaika hapo, tafuta mwingine. Damu kufika nusu lita baada ya kuzaa ni dharura. Na kama una presha, mapacha, mtoto amekaa vibaya au ulipasuliwa mara ya kwanza, nenda hospitali tu, hapo sibishani.

Utulivu wenyewe? Tembea, piga magoti ukiegemea kitanda, mtu akukandamize kiuno kwa viganja uchungu ukija, toa pumzi polepole kuliko ulivyoivuta. Kunywa uji. Mama mkwe akianza "sukuma, sukuma" kabla ya wakati, mtume dukani.