Maswali ya Wasomaji: Siku ya Mafundi wa Ndege Iombwe Wapi?

SWALI: Assalamu alaykum, Mhariri. Mume wangu ni fundi wa matengenezo ya ndege katika Uwanja wa Kimataifa wa Moi hapa Mombasa, na kazi hiyo ameifanya kwa miaka 19. Muhula uliopita, shule anakosoma binti yetu iliandaa siku ya kuwaelezea watoto kazi mbalimbali. Alialikwa rubani, na mhudumu wa ndani ya ndege naye akaalikwa, lakini binti yetu aliponyosha mkono kusema kwamba babake pia ni mtu wa ndege, mwalimu alimwuliza kama ndiye anayezisafisha. Mume wangu aliposimuliwa alicheka tu, akaendelea kusugua grisi kwenye kucha zake kwa limau na chumvi, ila mimi lilinikaa rohoni. Sisi jamaa za mafundi saba tumeandika rasimu ya ombi la kutaka iwepo siku rasmi ya kuwatambua, nami nimekuambatanishia nakala. Tunabishana juu ya mambo mawili: ombi tulipeleke wapi, na je, tutaje ajali ili wakubwa waone uzito wa kazi hii?
Mama Zuhura, Changamwe

JIBU: Wa alaykumu salaam, Mama Zuhura. Rasimu yenu nimeisoma mara mbili, na kabla sijajibu niseme kwamba limau na chumvi vilinifanya nimwone mumeo waziwazi kuliko kurasa zote nne za ombi lenyewe. Nitalirudia jambo hilo.

Milango iko miwili. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi mbele ya Bunge, na kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinampa haki ya namna hiyo mbele ya Bunge la Kaunti, mradi jambo linaloombwa liwe ndani ya mamlaka ya bunge hilo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yatakayowakwamisha msipoangalia. Aya yenu ya nne inadai marupurupu ya zamu za usiku na kupunguzwa kwa ada za leseni, ilhali Jedwali la Nne la Katiba linaiweka safari ya anga mikononi mwa serikali ya kitaifa, kwa hiyo karani wa Bunge la Kaunti atakuwa na sababu halali ya kuwarudishia karatasi zote, pamoja na zile zilizokuwa sawa. Iondoeni aya hiyo, muipeleke Nairobi kwa wakati wake. Kinachobaki ni kuiomba kaunti iwatambue hadharani wakazi wake wanaofanya kazi fulani na iwatengee siku, jambo ambalo mwakilishi wa wadi yenu anaweza kuliwasilisha kama hoja, likapita kama azimio bila kugusa sheria yoyote ya anga. Kwa maoni yangu anzeni hapo. Azimio halimpi mtu likizo wala shilingi, lakini huandikwa katika kumbukumbu za bunge, na mwalimu mkuu akionyeshwa atajua nani wa kumwalika mwaka ujao.

Msidhani kuanzia chini ni unyonge. Marekani walipita njia hiyo hiyo: California ilikuwa jimbo la kwanza kuitambua siku ya mafundi wa matengenezo ya ndege, mwaka 2002, majimbo mengine yakafuata moja baada ya jingine, na Baraza la Wawakilishi la nchi nzima likapitisha azimio lake mwaka 2008, wakati kazi kubwa ilikwisha kufanywa mashinani.

Kuhusu tarehe, nyinyi mmependekeza Desemba 7. Hiyo ni Siku ya Kimataifa ya Usafiri wa Anga, na ni ya kila mtu aliye kwenye sekta hiyo, wakiwemo marubani na mameneja, kwa hiyo mumeo atamezwa kama alivyomezwa siku ile shuleni. Marekani waliichagua Mei 24, siku aliyozaliwa Charles Taylor mwaka 1868. Huyu alikuwa fundi katika duka la baiskeli la ndugu wawili, Orville na Wilbur Wright, mjini Dayton, Ohio. Ndugu hao walipokosa kiwanda cha kuwatengenezea injini nyepesi, kazi hiyo ilimwangukia yeye, akaimaliza kwa wiki sita hivi, akiwa na mashine ya kukereza, kekee na vifaa vya mkono. Hapakuwa na ramani ya maana. Walichora kipande kimoja kimoja kwenye karatasi ovyo, naye akakitundika mbele ya meza yake ya kazi. Krenkishafti, yaani mhimili wa injini unaogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko, aliipata kwa kutoboa matundu mengi kwa kekee juu ya bamba nene la chuma, akifuata mstari wa umbo alilolichora, kisha akagonga kwa patasi na nyundo hadi vipande visivyotakiwa vikadondoka, ndipo akakereza kilichobaki. Injini hiyo ya nguvu za farasi 12 hivi ndiyo iliyoirusha ndege yao Desemba 17, 1903, kwa sekunde 12. Dunia iliwashika Wright, Taylor ikamsahau, akafa mwaka 1956 baada ya kuonja ufukara. Mkiichukua Mei 24, ombi lenu litakuwa na mtu ndani yake, na mtu mwenyewe ni fundi wa baiskeli, kazi ambayo hakuna mjumbe wa bunge la Mombasa asiyeijua.

Sasa ajali. Rasimu inazitaja tano, na zote zimetajwa kwa namna inayokaribia kutisha. Mimi ningetaja moja tu, au nisitaje kabisa. Kama ni moja, basi iwe ile ya Juni 10, 1990, ambapo kioo cha mbele cha ndege ya British Airways kilichomoka ikiwa angani, rubani akavutwa nusu ya mwili nje, wahudumu wakamshikilia miguu mpaka msaidizi wake alipoitua ndege Southampton, na hakuna aliyekufa. Kioo hicho kilikuwa kimebadilishwa usiku wa kuamkia siku iliyotangulia, na kati ya bolti 90 zilizotumika, 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa kwa kiasi kisichofika milimita moja, kwa sababu zililinganishwa na zile za zamani kwa macho tu. Kisa hicho kinafaa kwa kuwa kinaonyesha udogo wa kitu chenyewe. Lakini tahadharini: mkieleza kazi hii kwa yale yanayotokea inapoharibika, mtamfanya msikilizaji amwogope fundi badala ya kumheshimu, nanyi hamkuandika ombi kwa ajili hiyo.

Ningeanza na usiku mmoja wa mumeo, wa kawaida kabisa, ambao hakuna kilichotokea. Mwombe akusimulie. Atakueleza namna fundi anavyoingiza kioo kidogo chenye mpini mahali ambapo kichwa hakiingii, akamulike kwa tochi kutafuta ufa mwembamba kama unywele. Namna anavyokaza bolti kwa spana yenye kipimo, kwa kuwa kukaza mno ni kosa sawa na kulegeza. Namna anavyohesabu vifaa vyake vyote kabla ya kufunga kifuniko, na kimoja kikipungua hafungi, hata abiria wakiwa wameshapanga foleni. Atakueleza pia habari ya chumvi. Kila mwenye nyumba hapa pwani anajua dirisha la chuma linavyoliwa na upepo wa bahari, na ndege inayolala Mombasa inapulizwa na upepo huo huo. Mwisho kabisa anatia saini karatasi inayosema kwamba ndege inafaa kuruka, na tangu hapo jina lake linabaki kwenye kumbukumbu za ndege ile. Wajumbe wakisikia hayo, limau na chumvi havitahitaji maelezo.

Kuhusu umbo la ombi, sheria ya mwaka 2012 inayoongoza maombi ya Bunge la kitaifa ni kielelezo kizuri hata kwenu, ingawa ni vyema kumwuliza karani kanuni za kudumu za bunge lake. Inaruhusu Kiswahili, inataka lugha ya staha, mada iandikwe juu ya kila ukurasa, ielezwe kama jambo limewahi kupelekwa kwingine au liko mahakamani, na mwisho pawe na ombi lililo wazi, likifuatwa na majina, anwani, nambari za vitambulisho na saini au alama za vidole. Ombi lenu la wazi limejificha katikati ya ukurasa wa tatu, lishusheni mwisho.

SWALI: Mhariri, mimi ni mmoja wa hao mafundi saba. Wenzangu wanataka ombi lituite mainjinia kwa kuwa neno fundi limechakaa, kila mtu ni fundi. Unaonaje?
Fundi wa zamu, Magongo

JIBU: Ndugu yangu, hata wakubwa wa dunia hawakuafikiana. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, katika kanuni zake za leseni, limeyaandika majina matatu yakitenganishwa kwa mkwaju tu, yaani fundi sanifu, injinia na fundi mitambo, na yote ni ya leseni moja. Hapa kwetu leseni hiyo hutumia jina la injinia wa matengenezo ya ndege, kwa hiyo aliye nayo aandikwe hivyo kikamilifu. Kujiita injinia bila kuongeza neno ni jambo jingine, maana Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 imeliwekea jina hilo mipaka, na mjumbe mmoja mkorofi atatosha kuuhamisha mjadala wote huko. Isitoshe, wapo wenzenu wanaoshika spana usiku kucha chini ya saini ya mwenye leseni. Ombi likisema mafundi wa matengenezo ya ndege, nao watakuwemo. Katika nakala niliyoletewa, neno injinia limesimama peke yake mara tatu kwenye ukurasa wa pili. Msilikate kwa kalamu, kwa kuwa ombi halitakiwi kuwa na mafuto. Ukurasa wote uchapwe upya.